Gitaa kuukuu la miaka ya sabini au jipya lenye sura ya zamani: uchukue lipi ukiwa Mwanza?

Mpwa wangu alinijia Kirumba Jumamosi moja na picha mbili kwenye simu. Ya kwanza ni gitaa la umeme lililochakaa, rangi imebanduka pale mkono unapoegemea, na mwenye nalo ni mzee mmoja wa Igogo aliyewahi kuajiriwa kwenye bendi ya shirika. Ya pili ni gitaa jipya la dukani: umbo lile lile, kichwa kikubwa kile kile cha miaka ya sabini, na nailoni yake bado haijabanduliwa.

"Mjomba, bei hazipishani sana. Nichukue lipi?"

Kijana anapiga kanisani, lakini moyo wake uko kwenye zilipendwa. Amelelewa na bibi yake, na kwa bibi yake redio ilikuwa haizimwi. Swali lake nimeshaulizwa na wengi, vijana kwa watu wazima, ndiyo maana leo naliandika. Mimi napiga gitaa la kati, wenyewe tunaliita sekendi solo, kwenye kibendi chetu cha mwisho wa wiki. Na niseme mapema kwamba gitaa langu ni kuukuu, kwa hiyo ushahidi wangu upokee kama wa mtu mwenye upande.

Kwanza tuelewane hiyo sauti unayoitamani ilitoka wapi. Wengi wanadhani mpiga solo wa enzi zile aliingia dukani akachagua gitaa alilolipenda. Wapi! Vyombo vilikuwa vya mwajiri. NUTA Jazz, iliyoanza 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ya 1971 ilikuwa ya vijana wa chama tawala, TANU. Majeshi nayo yalikuwa na bendi zao. Mwanamuziki alipewa gitaa lililopo stoo, akapiga, akalirudisha. Nyimbo zikarekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima ikipiga kwa pamoja. Santuri zenyewe zilichapwa Nairobi, na mpaka na Kenya ulipofungwa 1977 hata njia hiyo ikaziba. Fedha za kigeni zikawa adimu, vita vya Kagera vikaja, na gitaa lililoharibika halikupata mwenzake wa kulirithi. Lilitengenezwa kwa chochote kilichopatikana. Yule mzee wa Igogo anasema kuna wakati walifumua waya wa breki ya baiskeli wakafunga badala ya uzi.

Ndiyo maana magitaa halisi ya enzi hizo nchini ni machache, na yaliyopo yamepita mikono mitatu, minne. Unaponunua kuukuu hapa kwetu, unanunua pamoja na matengenezo yake yote.

Halafu sikiliza kwa makini wimbo wowote wa Mbaraka Mwinshehe, wa Morogoro Jazz au wa Super Volcano aliyoianzisha 1973. Utasikia gitaa jembamba, safi, linalong'ara juu. Halikwaruzi wala halina mlio mnene wa roki. Chini yake kuna jingine linalojibu, na chini zaidi ridhimu inayokwenda kama cherehani. Ule utamu umetokana na magitaa matatu yanayopishana bila kukanyagana. Chukua gitaa la bei mbaya kuliko yote duniani, lipige peke yako sebuleni, bado hutaipata sauti ya bendi kama Sikinde wala Msondo.

Sisi wa ukanda huu wa ziwa tuna na urithi mwingine, muziki wa benga. Daniel Owino Misiani, aliyeifanya Shirati Jazz ijulikane Afrika Mashariki yote, alizaliwa upande wetu, karibu na Shirati mkoani Mara, kisha akajijengea jina Kenya. Kwenye benga gitaa la solo linakimbia na besi inalifuata visiginoni, na hapo sauti ikiwa nene kila kitu kinageuka uji. Kwa hiyo iwe dansi, iwe benga, unachotafuta ni gitaa lenye sauti nyembamba na safi. Uzee wa gitaa unakuja baadaye.

Sasa tuyaweke mezani.

Fender halisi ya miaka ya sabini

Hili ndilo ndoto ya kila mtu. Fender ni kampuni ya Marekani, na gitaa lake maarufu, Stratocaster, lilitoka 1954. Mwaka 1965 kampuni ya CBS iliinunua Fender kwa dola milioni 13, na tangu hapo wapenzi wa magitaa hawajaacha kugombana. Wengi wanasema ubora ulishuka. Ya miaka ya sabini ndiyo yenye kichwa kikubwa, rangi nzito ya poliesta, na kuanzia mwishoni mwa 1971 shingo iliyofungwa kwa skrubu tatu badala ya nne. Mengine ni mazito, kilo nne na ushei. Ukisimama nalo kuanzia saa tatu usiku hadi saa nane, bega litakukumbusha.

Jambo la kuchekesha ni kwamba yalipokuwa mapya, magitaa haya yalionekana ya kawaida tu. Yanayouzwa kwa bei ya kutisha ni ya kabla ya 1965. Yale ya sabini yalikuwa ya mwenye pesa kidogo, hadi umri ukayapandisha. Leo moja zima linauzwa maelfu ya dola huko Marekani na Japani, na hapo bado hujalipa usafiri wala ushuru.

Je, lipo Mwanza? Mimi nimeshaonyeshwa matatu yaliyoandikwa hivyo kichwani, na hata moja halikuwa lenyewe. Karatasi ya jina inabandikwa na yeyote. Angalia namba: kuanzia 1976 Fender walihamishia namba kwenye kichwa, mara nyingi ikianza na herufi S na tarakimu moja ya mwaka, S6, S7, S8 na S9. Gitaa linaloitwa "la 1978" huku namba iko kwenye kibati cha nyuma ya shingo linahitaji maelezo. Na maelezo yakiwa marefu, aga.

Gibson, mshindani wa Fender, sitakaa nayo sana. Les Paul yao ni gitaa zuri, zito, shingo yake fupi kidogo (nyuzi zina urefu wa milimita 628 hivi, Fender ni 648), na pikapu zake (sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi) za koili mbili haziungurumi. Lakini sauti yake ni nene, na kwenye bendi yenye tarumbeta mbili na besi inayotembea inagombea nafasi isiyo yake. Mwenzangu anayepiga solo analo la kuiga umbo hilo na tunabishana kila wiki. Ana pointi moja tu, nitaifikia.

Kuukuu lisilo na jina kubwa

Hili ndilo utakalolikuta kweli. Miaka ya sitini na sabini Japani ilitoa magitaa ya umeme kwa wingi: Teisco, Guyatone, Greco, Ibanez na mengine ambayo kichwani hayana hata jina. Baadhi yalikuwa ya kuchezea. Mengine yaliigwa vizuri mno, kiasi kwamba mwaka 1977 wenye Gibson waliwapeleka mahakamani wasambazaji wa Ibanez huko Marekani kwa kunakili umbo la kichwa. Kwa hiyo neno "la Kijapani" halikuambii kitu mpaka ulishike.

Langu ni la kundi hili. Lina swichi nne mfululizo kama za ukutani, na nilipolinunua kwa mtu nisiyemtaja, aliniapia ni zima kabisa. Nililipa, nikalipeleka nyumbani, nikachomeka. Mke wangu akaita watoto kutoka jikoni. Sauti yake ikatoka kwenye spika.

Sitanii. Pikapu (siyo ile ya kubebea sangara) ni sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba kama unywele, maelfu ya mizunguko. Waya ule ukilegea, wenyewe unatikisika na kuwa maiki. Ukigonga plastiki ya gitaa kwa ukucha unasikia ko-ko-ko spikani, na ukiongeza sauti linapiga yowe. Magitaa mengi ya bei nafuu ya zamani yana ugonjwa huu kwa sababu koili hazikuchovywa nta kiwandani.

Fundi redio mmoja karibu na Makoroboi ndiye aliyeniponyea. Alifungua pikapu, akaweka sufuria ndogo ndani ya sufuria kubwa yenye maji ya moto, akayeyusha mishumaa na kipande cha nta ya nyuki ya Tabora. Moto mdogo, alikuwa anaupima kwa kidole pembeni ya sufuria, maana nta ikichemka sana plastiki ya koili inapinda. Akaitumbukiza pikapu taratibu. Viputo vidogo vikaanza kupanda, kama samaki anayepumua matopeni. "Kila kiputo ni hewa inatoka, nta inaingia," akasema. Tulikaa mpaka viputo vikaisha, kama robo saa. Akaitoa, akaifuta na kipande cha khanga. Tangu siku hiyo mke wangu anasikika jikoni tu.

Nasimulia haya ujue gharama ya pili ya gitaa kuukuu. Bei ya kununua ni mwanzo. Baada yake kuna koili, swichi zenye kutu, potensiometa zinazokwaruza ukizungusha sauti, freti (vile vyuma vinavyokatiza shingoni) zilizolika, na shingo. Hayo mengine yote yana dawa. Shingo ndiyo ya kuogopa. Ndani yake kuna fimbo ya chuma ya kuinyoosha mbao inapovutwa na nyuzi. Kwenye kuukuu fimbo hiyo inaweza kuwa imeshikwa na kutu, na magitaa mengine ya bei rahisi hayakuwekewa hata ya kurekebisha. Hapo hakuna fundi, kuna bahati.

Lakini nikilishika gitaa langu nasikia kitu ambacho jipya halinipi. Shingo imelainishwa na vidole vya watu nisiowajua. Pikapu zake dhaifu zinatoa sauti ya kupwaya kidogo, ya puani, ambayo kwenye sekendi solo inakaa pahala pake kama chumvi. Kwenye solo haifai, inazama. Nimejaribu.

Jipya lenye sura ya zamani

Viwanda vimeshagundua kwamba tunakumbuka. Squier, ambayo ni ya Fender wenyewe, ina mfululizo wa Classic Vibe wenye toleo la miaka ya sabini: kichwa kikubwa, pikapu tatu za koili moja. Huko nje huuzwa dola mia nne hadi mia tano hivi. Yamaha Pacifica haina sura ya kizee lakini ni gitaa la kazi, na mwalimu yeyote atakuambia hivyo hivyo. Yapo na ya Kichina ya bei ya chini zaidi, na hapo chagua kwa mkono, maana mawili ya aina moja yanaweza kutofautiana kama mapacha wasiofanana.

Faida ya kwanza: shingo imenyooka, na ikipinda inarekebishika. Ya pili: freti ziko sawa, gitaa linakaa kwenye tyuni. Ya tatu nzuri zaidi ni swichi ya hatua tano. Stratocaster za zamani zilikuja na hatua tatu, na wapigaji walizoea kuisimamisha swichi katikati ili wapate pikapu mbili kwa pamoja. Kiwanda kiliwakubalia 1977 tu. Sauti hiyo ya katikati, tamu na yenye uwazi, kwa sikio langu ndiyo iliyo karibu kuliko zote na zilipendwa. Kwenye jipya unaipata kwa kusukuma kidole.

Kasoro yake? Linatoka kiwandani halijasetiwa. Nyuzi ziko juu mno, vidole vinauma, mtu anadhani hajui gitaa. Waya wa ndani ni mwembamba, tundu la jeki linalegea ndani ya mwaka. Halafu linang'aa, na ukilipanda nalo jukwaani wazee wanakuangalia kama uliyevaa viatu vipya msibani. Hilo linaisha lenyewe.

Ziwa, umeme na mambo ambayo wauzaji hawakuambii

Unyevu wa ziwa unakula nyuzi. Ukipiga jirani na maji, Mwaloni au Capri Point, usipozifuta kwa kitambaa kikavu baada ya kila onyesho, wiki ya tatu zimekuwa nyeusi. Hilo halichagui jipya wala kuukuu. Mbao nazo zinanywa na kutapika maji kati ya masika na kiangazi, na hapo kuukuu lenye fimbo iliyokwama linakuacha njiani.

Umeme ndio unaoleta ile pointi ya rafiki yangu wa Les Paul. Pikapu za koili moja zinanasa muungurumo wa umeme wa nyumba, hezi 50 zile zile za TANESCO. Kwenye baa yenye friza mbili, televisheni na taa za rangi, gitaa langu linavuma kama nyuki, lake limenyamaza. Tiba ya bure: geuka polepole ukiwa na gitaa mpaka upate upande ambao linavuma kidogo, simama hapo. Nimeshapiga onyesho zima nikiwa nimewapa watu ubavu. Na kama mdomo ukigusa maiki unarushwa, acha kupiga papo hapo. Waya wa ethi haupo, na hilo huua.

Ukiletewa ampu (mashine ya kukuza sauti) ya zamani kutoka Marekani, angalia nyuma. Kwao ni volti 120, kwetu 230. Bila transfoma ya kushusha, utasikia harufu kabla ya muziki. Nikilazimishwa kusema ukweli wote, ningekuambia weka pesa zaidi kwenye ampu safi kuliko kwenye gitaa. Gitaa la kawaida kwenye ampu nzuri ni gitaa. Gitaa zuri kwenye spika ya redio iliyochanika ni kelele.

Kuna na ujanja wa Wakongo unaogharimu uzi mmoja tu. Toa uzi wa nne, funga mahali pake uzi mwembamba kama ule wa kwanza, utyuni oktavu moja juu ya kawaida. Ghafla gitaa la kati linameremeta kama la kwenye santuri za Kinshasa. Jaribu hilo kabla hujatumia mamilioni kutafuta "sauti ya zamani".

Basi nani achukue lipi

Ukiwa ndiyo unaanza, au unapiga kila wiki kwa malipo, chukua jipya la koili moja na umpe fundi alisete siku ya kwanza. Hapo sina mjadala. Ukiwa tayari una gitaa la kutegemea na unataka la pili lenye tabia yake, hasa kwa sekendi solo, kuukuu la Kijapani lenye shingo nzima ni raha ambayo siwezi kukueleza. Fender halisi ya sabini mwachie mwenye pesa za kuhifadhi. Na kama ni wewe, nunua kwa mtu mwenye historia ya gitaa, usinunue picha ya kwenye simu. Aliyeshika benga asidanganywe na koili mbili hata zikiwa kimya namna gani.

Kabla hujatoa hela kwa kuukuu, bonyeza uzi wa sita kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, halafu tazama nafasi kati ya uzi na freti ya saba. Karatasi ikipita, sawa. Kadi ya benki ikipita, shingo imepinda. Kisha linganisha sauti ya freti ya 12 ukiubonyeza uzi na ukiugusa tu bila kuubonyeza. Zikitofautiana na daraja (pale nyuzi zinapoegemea mwilini) halirekebishiki, rudisha. Mwisho chomeka, gonga plastiki kwa ukucha, jaribu kila swichi.

Hivyo ndivyo tulivyofanya na mpwa wangu kule Igogo, isipokuwa tulipofika umeme ulikuwa umekatika. Mzee akatukaribisha chai, akalichukua gitaa lake, akapiga hivyo hivyo bila ampu, na mpwa wangu alikuwa ameshatoa pesa nusu mfukoni nilipomshika mkono. Saa moja usiku umeme ukarudi. Pikapu ya katikati ilikuwa imekufa, na kadi ya benki ikapita pale freti ya saba bila kugusa.

Mzee akashusha bei kwa ajili ya pikapu. Kwa ajili ya shingo akakataa kata kata. "Hiyo imepinda kazini," alisema.

Mpwa wangu amechukua jipya. La mzee bado lipo. Anayelitaka aende na ampu yake, na aende siku yenye umeme.